JIWE LA RANGI MBILI
Litazameni Kabla ya Kulikata

Wasafiri wengi wapitao njia kuu itokayo Kisumu kwenda Busia husimama Maseno ili wapigwe picha penye alama ya Ikweta. Huweka mguu mmoja Kaskazini na mguu mwingine Kusini, hucheka kidogo, kisha huingia garini na kwenda zao. Ni wachache mno wanaoinama kutazama mawe yaliyo miguuni pao. Lakini mtoto achungaye ng'ombe kando ya kijito, au mama alimaye shamba la mteremkoni baada ya mvua kubwa, pengine huokota kijiwe kigumu kipitishacho nuru, ambacho upande mmoja ni cheupe kama maji na upande wa pili kina rangi nyingine. Akikipeleka sokoni, huenda akapewa bei ya soda moja, au akaambiwa ni kipande cha chupa akitupe.

Makala haya yaeleza jiwe la namna hiyo ni kitu gani, rangi zake mbili zatoka wapi, na jinsi fundi anavyolichonga hata likawa kito bila kuzipoteza rangi hizo. Jambo hili la mwisho ndilo kubwa. Jiwe la rangi mbili laweza kuharibika kwa dakika moja mikononi mwa mtu mwenye haraka, na likiisha kukatwa vibaya haliungiki tena.

Kwatsi ni jiwe la namna gani

Jina la jiwe hili ni kwatsi. Ni katika mawe yapatikanayo kwa wingi kabisa duniani. Hata mchanga wa pwani nyingi ni kwatsi iliyosagika. Imeumbwa kwa vitu viwili tu, silikoni na oksijeni, na ikiwa safi kabisa haina rangi yo yote. Ugumu wake ni wa daraja la 7 katika kipimo kilichowekwa na Mjerumani Friedrich Mohs mwaka 1812, ambacho ndani yake almasi ni ya daraja la 10. Maana yake kwatsi hukikwaruza kioo cha dirisha, wala kisu cha kawaida hakiwezi kuikwaruza.

Nchi ya Maseno na vilima vya Maragoli imekaa juu ya miamba ya kale sana, yenye umri wa miaka ipatayo milioni 2,500 au zaidi. Mawe makubwa ya matale yaliyopandana, kama yale ya Kit-Mikayi kule Seme, hapo zamani yalikuwa uji wa moto chini ya ardhi. Uji huo ulipokuwa ukipoa polepole, maji ya moto yenye kwatsi iliyoyeyuka yalipenya katika nyufa za miamba, na humo kwatsi ikaganda ikawa mishipa. Kwatsi nyingi ya mishipa ni nyeupe kama maziwa, haipitishi nuru, nayo haifai kuchongwa. Lakini penye nafasi wazi ndani ya ufa kwatsi hupata kukua kwa raha yake, ikatoa fuwele, yaani mawe maangavu yenye pande sita bapa na ncha kali, kana kwamba yamekwisha kuchongwa na mtu.

Ni mishipa ya kwatsi iliyoleta habari ya dhahabu katika nchi hizi. Mwaka 1931 Mmarekani aliyeitwa L. A. Johnson alivumbua dhahabu karibu na Kakamega, na Wazungu wakamiminika huko. Mwishoni mwa mwaka 1932 serikali ya kikoloni iliibadili sheria ya ardhi za wenyeji iliyotungwa mwaka 1930, hata ardhi ikaweza kuchukuliwa kwa ajili ya machimbo bila wenyewe kupewa ardhi nyingine badala yake, jambo lililoleta manung'uniko makubwa. Mgodi mkubwa wa Rosterman ulifungwa mwaka 1952, lakini wachimbaji wadogo wangali wakifanya kazi Kakamega, Vihiga na Siaya. Mtu wa dhahabu huiponda kwatsi, akaiosha, akaitupa. Haitazami, kwa kuwa kwake yeye kwatsi ni ganda tu la kile anachokitafuta.

Rangi zatoka wapi

Rangi za kwatsi zaletwa na taka kidogo sana iliyoingia wakati jiwe lilipokuwa likikua. Kukiwa na alumini kidogo ndani yake, na jiwe likakaa kwa muda mrefu mno karibu na miamba itoayo mionzi hafifu, huwa na rangi ya moshi, tangu ya chai nyepesi mpaka karibu na nyeusi. Matale hutoa mionzi ya namna hiyo, kwa kuwa ndani yake mna chembe za urani, thori na potasi. Msomaji asiogope, mionzi hiyo ni dhaifu sana, na kazi yake imechukua mamilioni ya miaka.

Taka ikiwa ni chuma badala ya alumini, mionzi hiyohiyo huleta rangi ya zambarau, na jiwe huitwa amethisto, ambalo wasomaji wa Biblia wamekutana na jina lake katika Ufunuo. Amethisto nyingi hutoka Mapatizya, kusini mwa Zambia. Chuma hichohicho kikikaa kwa namna nyingine ndani ya jiwe, bila kubadilishwa na mionzi, huleta rangi ya manjano, na jiwe huitwa sitrini.

Basi rangi mbili zapatikanaje katika jiwe moja? Fuwele hukua tabaka juu ya tabaka, kama mti unavyoongeza pete zake. Maji yaliyoilisha yakibadilika katikati ya kazi, tabaka za mwanzo huwa za namna moja na za mwisho za namna nyingine. Kwa hiyo ni kawaida kuona amethisto ambayo shina lake ni jeupe na ncha yake tu ndiyo ya zambarau, au kwatsi nyeupe yenye kivuli cha moshi upande mmoja.

Lakini mfano wa ajabu kuliko yote watoka mbali, katika mgodi uitwao Anahí, mashariki mwa nchi ya Bolivia. Huko hupatikana fuwele zenye zambarau na manjano pamoja, ziitwazo ametrini. Ncha ya fuwele ya kwatsi ina nyuso sita, nazo si sawa kabisa. Tatu ni za namna moja na tatu za namna nyingine, zikipokezana. Chini ya nyuso tatu chuma kimekaa kwa namna iletayo zambarau, na chini ya tatu nyingine kwa namna iletayo manjano. Ukiikata fuwele hiyo kwa kupita waona vipande sita kama vya chungwa lililokatwa, zambarau na manjano, zambarau na manjano, hata mwisho. Wenyeji wasimulia kwamba mgodi huo ulikuwa mahari aliyopewa Mhispania mmoja alipomwoa binti wa mtawala wa Waayoreo, aliyeitwa Anahí. Kama hadithi hiyo ni kweli au si kweli, imesaidia sana kuuza mawe.

Kutazama ndiyo nusu ya kazi

Mtu akiokota jiwe la namna hii, adui wa kwanza ni nyundo. Wengi hulipasua ili waone ndani. Hakuna haja. Mimina maji safi katika bakuli jeupe, litumbukize jiwe, ulitazame penye jua. Ukungu wa juu, uliotokana na kugongana na mawe mengine mtoni, hutoweka ndani ya maji, nawe waweza kuona nyufa, mapovu, na hasa mpaka wa rangi: umenyooka au umepinda, ni mkali au umefifia, tena umepita katika jiwe kwa mwelekeo upi. Ligeuze pande zote. Fundi mzuri huweza kukaa na jiwe moja siku nzima akiligeuza, wala hajaona kuwa amepoteza wakati. Kisha huuchora mpaka huo juu ya jiwe kwa kalamu ya wino usiofutika.

Hapo sasa pana shauri la kukata, nalo ni la njia mbili. Njia ya kwanza ni kuzificha rangi mbili. Ikiwa jiwe ni jeupe na lina zambarau kidogo nchani tu, fundi hulielekeza hata ile zambarau ikae chini kabisa, penye ncha ya kito, na ule weupe uwe juu. Nuru iingiayo kutoka juu hushuka mpaka chini, hupita katika zambarau, kisha hurudi juu, na mtazamaji huona jiwe zima limejaa rangi. Weupe wote umemezwa. Nimewaona watu wasiosadiki mpaka jiwe lilipogeuzwa ubavu mbele ya macho yao.

Njia ya pili ni kuzionyesha, na hiyo ndiyo ngumu zaidi. Hapo kito hukatwa kwa umbo refu la pembe nne, mpaka wa rangi ukipita katikati na kuukata urefu wake kama kamba iliyofungwa kiunoni. Ukuta wa mpaka huo wapaswa kusimama wima, kwa maana ukiinama, rangi moja hulala juu ya nyingine, na mtazamaji huona matope.

Kwa nini umbo refu, wala si duara? Katika jiwe la duara lenye nyuso nyingi nuru hurukaruka kutoka kila upande kwenda kila upande. Nuru iliyoingia penye manjano hutokea penye zambarau, na rangi mbili huchanganyika. Katika jiwe refu, nyuso ndefu za ubavuni huirusha nuru kwa kukata upana, kutoka ubavu huu kwenda ubavu ule, kisha juu. Haivuki mpaka. Nuru iliyozaliwa katika zambarau hufa katika zambarau. Ni nyuso za miishoni tu ziirushazo nuru kwa urefu, na kwa hiyo fundi huzifanya ndogo.

Mwandishi wa maneno haya hakulijua jambo hilo alipochonga jiwe lake la kwanza la rangi mbili, nalo lilikuwa jiwe zuri, nusu zambarau na nusu jeupe, mpaka wake mkali kama uliochorwa kwa rula. Alilikata duara kwa sababu duara ndilo umbo alilokuwa amefundishwa. Kazi ilimchukua siku tatu. Lilipong'arishwa likatokea jiwe lenye rangi hafifu ya maji yaliyooshewa nguo, wala hapakuwa na namna ya kumwonyesha mtu ye yote kwamba hapo mwanzo lilikuwa na rangi mbili. Analo hata leo.

Kuchonga

Baada ya kukata kwa msumeno mwembamba wenye unga wa almasi, jiwe hugandishwa kwenye kijiti kwa lakiri. Hapa yafaa kuangalia sana, maana kwatsi haipendi kupata moto au baridi kwa ghafula, hupasuka ndani. Kijiti na jiwe hupashwa moto pamoja, kidogo kidogo, kisha huachwa vipoe vyenyewe. Tena amethisto ikipata moto mkali, kadiri ya digrii 400 au zaidi, hupoteza zambarau yake na mara nyingi hugeuka ya manjano. Sitrini nyingi ziuzwazo madukani ni amethisto zilizochomwa hivyo kwa makusudi. Siku hizi mafundi wengi hutumia gundi badala ya lakiri, wakaepukana na taabu hiyo.

Kijiti hushikwa na chombo kinachoweza kupimwa pembe, na jiwe huteremshwa juu ya sahani ya chuma inayozunguka, iliyopakwa unga wa almasi, huku maji yakitonatona daima. Mafundi wa zamani wa Bara Hindi na Sri Lanka hawakuwa na chombo cha kupimia. Walitumia nguzo ya mti yenye matundu mengi, mwisho wa kijiti ukatiwa katika tundu moja au jingine, na kila tundu lilitoa pembe yake. Seremala ye yote aweza kuitengeneza nguzo ya namna hiyo.

Sasa tufike kwenye pembe, maana ndizo zitiazo uhai katika jiwe. Mvuvi wa Dunga aliyepiga mbizi ziwani anajua kwamba akitazama juu moja kwa moja aona mbingu, lakini akitazama kwa mshazari mno, uso wa maji humgeukia kioo cha kujitazamia, wala haoni kitu nje. Nuru ndani ya kwatsi hufanya vivyo hivyo. Nyuso za sehemu ya chini ya kito zikiwa na mwinamo mdogo, chini ya digrii 40 na nusu hivi kutoka usawa wa kiuno chake, nuru huzipenya ikatoka chini na kupotea. Zikizidi hapo kidogo, hugeuka vioo, nuru ikarudi juu kwenye jicho la mtazamaji. Mafundi wengi huchukua digrii 42 au 43 ili wawe na salama. Sehemu ya juu haina ukali huo wa sheria. Hapo fundi hufuata macho yake.

Kusaga huanza kwa unga mnene, kama namba 260, kisha 600, kisha 1200, na kuendelea mpaka 3000; namba ikiwa kubwa, unga huwa laini. Kila hatua yapasa kufuta mikwaruzo yote ya hatua iliyotangulia. Mwishoni jiwe hung'arishwa kwa unga wa oksidi ya seriamu na maji. Kwatsi ina sifa ya ukaidi katika kung'arishwa. Punje moja tu ya unga mnene ikisalia kwenye kidole, uso uliokuwa kama kioo hupata mikwaruzo, na kazi huanza tena. Kwa hiyo mikono na meza huoshwa kila hatua.

Jiwe gumu hupungua sana katika kazi hiyo. Kipande cha gramu 10, yaani karati 50, mara nyingi hutoa kito cha karati 10 hadi 15 tu. Kilichobaki kimekwenda na maji.

Vumbi la kwatsi

Twasema kimekwenda na maji, nayo yapasa yawe maji kweli, kwa maana kama si maji ni pumzi. Vumbi la kwatsi kavu ni laini kuliko moshi, haliyeyuki, na likiingia mapafuni halitoki. Huyakwaruza na kuyafanya magumu, mpaka mtu hushindwa kupanda kilima alichokuwa akikipanda akiimba. Ugonjwa huo huitwa silikosisi. Hauna dawa ya kuuponya, na aliye nao hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Kitambaa kilichofungwa puani hakitoshi. Asije mtu akasaga au kukata kwatsi kavu, hata kipande kidogo, hata nje penye upepo. Wala asiache tope la kazi likauke sakafuni likafagiliwa na watoto. Neno hili lawahusu zaidi wale waipondao kwatsi kavu kwa kutafuta dhahabu, maana wao hupumua vumbi hilo kutwa nzima.

Sheria na soko

Kwa Sheria ya Madini ya Kenya ya mwaka 2016, madini yote ni mali ya Jamhuri, yakiwekwa na serikali ya taifa kwa amana ya wananchi, hata yakiwa chini ya shamba lako mwenyewe. Kuchimba kwahitaji kibali, na raia wa Kenya waweza kuomba kibali cha uchimbaji mdogo katika kaunti yao. Kufanya biashara ya madini nako kwahitaji leseni. Sheria hiyohiyo yasema mrabaha ulipwao ugawanywe, asilimia 70 kwa serikali ya taifa, 20 kwa kaunti, na 10 kwa jamii ya mahali madini yanapochimbwa. Aliyeokota jiwe moja na kutaka kuokota la pili kwa sururu, aanzie kwa afisa wa madini.

Atakaye kujifunza ufundi wenyewe ana mahali pa kuuliza. Mjini Voi, katika Taita Taveta, serikali imejenga kituo cha vito, na huko Arusha, Tanzania, kuna chuo kinachofundisha kuvitambua na kuvichonga. Huko nje, mji wa Jaipur katika Bara Hindi na Idar-Oberstein katika Ujerumani imeishi kwa kazi hiyo vizazi vingi. Kwatsi si almasi. Bei yake kwa karati ni ndogo, na sehemu kubwa ya thamani ya kito huwa ni kazi ya mikono. Ndiyo sababu auzaye jiwe ghafi hupata kidogo, na auzaye lililochongwa vema hupata zaidi.

Mnunuzi naye ajihadhari. Tangu miaka ya 1990 ametrini zimekuwa zikitengenezwa viwandani Urusi, na vioo vya rangi mbili ni vya zamani zaidi. Kioo mara nyingi kina mapovu ya mviringo ndani, na kikiguswa kwa mdomo hakina ubaridi wa kwatsi. Vipande viwili vilivyounganishwa kwa gundi hujifunua vikitiwa majini na kutazamwa ubavuni. Mstari wa gundi hunyooka kupita kiasi. Na kuhusu ufundi, liweke jiwe juu ya gazeti hili, uso wake mkubwa ukiwa juu. Herufi zikisomeka katikati ya jiwe, pembe zake za chini ni ndogo mno, nuru inavuja, na bei ipunguzwe.